Shavu la mzee gizani: diski na strimu kwenye TV moja

Mzee amekaa kizingitini, usiku. Nyuma yake chumba hakina taa, mbele yake kuna kibatari kimoja sakafuni. Hasemi neno kwa sekunde kama 11, halafu anageuza kichwa upande wa kushoto. Ni sekunde hizo 11 tu ambazo nimekuwa nikizirudia sebuleni kwangu kwa wiki 2 sasa, mpaka mke wangu ameanza kumwita yule mzee "mgeni wetu".

Jina la filamu silitaji. Nikilitaja tutabishana kuhusu filamu, na mimi leo nataka tuzungumze picha. Ninayo kwa njia mbili. Ya kwanza ni strimu, yaani filamu inayokuja kwa intaneti, kupitia programu iliyomo ndani ya TV, kifurushi kikubwa ninachokilipia kila mwezi ili nipate 4K. Ya pili ni diski ya 4K aliyoniletea shemeji yangu wa Leicester alipokuja likizo Desemba. TV ni ileile ya inchi 55, kochi ni lilelile, macho ni haya haya. Zote mbili zinaandika 4K, zote mbili zinaandika HDR, yaani picha yenye upana mkubwa zaidi kati ya giza na mwanga. Kwenye strimu, shavu la kushoto la mzee limeyeyuka, limeungana na giza la chumba. Kwenye diski shavu lipo. Mkunjo chini ya jicho upo, na vinywele vyeupe vya ndevu za siku mbili unaviona kimoja kimoja.

Kwenye kundi letu la mafundi video kila nikilisema hili najibiwa, "4K ni 4K." Ndiyo sababu nimekaa chini kuandika kwa urefu.

Kazi yangu ni video. Harusi, sendofu, kichen pati, maulidi, na misiba pale familia inapotaka kumbukumbu. Ofisi iko Magomeni, na karibu kila Jumatatu nakaa kwenye kompyuta nikirenda kazi za wikiendi, yaani kuzitoa kuwa faili la mwisho la kumpa mteja. Kila ninaporenda lazima nijaze kisanduku kimoja ambacho mtazamaji wa kawaida hakioni maishani mwake: bitreti, yaani kila sekunde moja ya picha ipewe biti ngapi (baiti moja ni biti 8). Nikijaza namba kubwa faili inakuwa nzito na picha inatoka hai. Nikijaza ndogo faili inakuwa nyepesi, na kuna kitu kinakufa ndani yake. Miaka 14 nimekuwa nikikitazama kitu hicho kikifa, na nimejua kinaanzia wapi. Kinaanzia gizani.

Hebu tupige hesabu kidogo. Picha ya 4K ina pikseli, yaani nukta za rangi, 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Filamu inapitisha picha 24 kila sekunde. Ukizichukua zote bila kuzibana, kwa rangi za biti 10 kama zinavyowekwa kwenye diski, unapata karibu megabiti 3,000 kwa kila sekunde. Hakuna diski inayobeba mzigo huo wala intaneti ya nyumbani inayoupitisha, kwa hiyo lazima ubanwe. Wote wanabana, diski na strimu pia. Swali ni wamebana mara ngapi.

Diski za 4K, zile Ultra HD Blu-ray zilizoingia sokoni mwaka 2016, zipo za gigabaiti 50, 66 na 100, na ile kubwa inaruhusiwa kutoa zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde. Filamu ya saa 2 ikichukua gigabaiti 54 za diski, wastani wake ni megabiti 60 kwa sekunde. Hapo umebana kama mara 50. Upande wa strimu, Netflix wanapendekeza uwe na intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde au zaidi ili kutazama 4K, na wanasema saa moja ya 4K inaweza kula hadi gigabaiti 7. Saa 2 ni gigabaiti 14 kwa makadirio ya juu. Hapo umebana kama mara 200. Filamu ileile, pikseli zilezile milioni 8, lakini robo ya biti.

Hizo biti zilizokosekana zilitolewa wapi? Programu ya kubana inapewa bajeti na kuambiwa isiizidi. Inaangalia picha na kuamua wapi mtu ataona haraka kasoro ikitokea, na wapi hataona. Ukingo wa paa kwenye mwanga wa mchana, maandishi, uso uliopigwa taa: hivyo vinalindwa. Ukuta mweusi, kona ya chumba, anga la usiku: hivyo vinapunjwa, kwa sababu tofauti ya rangi kati ya pikseli moja na jirani yake ni ndogo mno, na programu inaona ni rahisi kuzifanya zote kuwa kitu kimoja. Inachukua mraba mzima wa pikseli na kuupaka rangi moja. Kwenye kodeki (njia ya kubana picha) ya zamani ya H.264 mraba huo ni pikseli 16 kwa 16. Kwenye HEVC, ambayo diski za 4K na strimu nyingi za 4K zinaitumia, unaweza kufika 64 kwa 64.

Sasa fikiria ngozi nyeusi kwenye chumba cheusi kwa mwanga wa kibatari. Kwa hesabu ya programu ile, shavu la mzee na ukuta nyuma yake vimekaribiana kuliko vinavyokaribiana shavu la mzungu na ukuta uleule. Hakuna aliyekaa akapanga tupotee. Lakini bajeti ya biti ikikatwa, sisi ndio tunaoanza kupotea kwenye picha za usiku, na nimeliona hilo mara nyingi mno kwenye kazi yangu mwenyewe, siwezi kulinyamazia.

Nitawapa moja. Mwaka 2019 nilipiga harusi moja Tanga. Ukumbi ulikuwa na zile taa za zambarau ambazo mafundi wote wa video tunaziogopa. Baba wa bi harusi akasimama kutoa nasaha, dakika 3 hivi, mkono mmoja begani kwa mwanawe. Nilimrekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, kwa sababu kamera yangu ndiyo inavyorekodi 4K. Miaka 2 baadaye akafariki. Yule binti akanipigia, akaniambia, "Kaka, DVD uliyotupa imekwaruzika, hailii, na kile kipande cha baba tulichonacho kwenye simu hakionyeshi macho yake." Nikamwambia anitumie hicho cha kwenye simu nikione. Kilikuwa kimerushwa kundi la familia, kikatoka kundi hadi kundi, dakika 3 ndani ya megabaiti 16. Ukigawa, hiyo ni chini ya megabiti moja kwa sekunde, kwa picha na sauti pamoja. Uso wa baba yake ulikuwa doa la zambarau lenye mdomo unaotembea.

Nilikuwa bado na faili halisi kwenye hadi diski (hard disk) ya ofisini. Nikasafiri nalo mpaka Tanga, nikalichomeka kwenye TV ya kwao. Macho yalikuwepo. Machozi pia yalikuwepo, ambayo hata mimi siku ya harusi sikuyaona kwa sababu nilikuwa natazama kioo kidogo cha kamera. Mama yake aliomba turudie, tukarudia mpaka adhana ya magharibi.

Kwa hiyo mtu akiniambia tofauti ya diski na strimu ni mambo ya watu wenye pesa na muda, namsikia, lakini sikubaliani naye.

Nirudi sebuleni. Majaribio ya kwanza niliyafanya vibaya, na ni kosa ambalo wengi watalifanya, kwa hiyo nalieleza. Diski naicheza kwenye PlayStation 5 ya watoto, ile yenye mlango wa diski. Nikaweka diski, nikatazama, nikabadilisha kwenda kwenye programu ya TV, na strimu ikaonekana nzuri zaidi! Inang'aa, rangi kali, kijani cha migomba kinakurukia. Diski ilionekana imepauka. Nililala na hilo usiku mzima. Asubuhi nikagundua kwamba TV inahifadhi mipangilio ya picha kwa kila mlango peke yake. Mlango wa HDMI wa PlayStation watoto walikuwa wameuweka kwenye hali ya gemu, wakazima karibu kila kitu. Programu za ndani zilikuwa kwenye ile hali kali ambayo TV zote dukani Kariakoo huwekwa ili zivutie chini ya taa za duka. Nilikuwa nimelinganisha mipangilio, sikuwa nimelinganisha filamu.

Nikaziweka zote mbili kwenye hali ya sinema, joto la rangi lilelile, nikazima ile kazi ya kulainisha mwendo inayofanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana. TV nyingine zina kitu kinaitwa Filmmaker Mode, kilichotangazwa mwaka 2019. Ukikiona kwenye TV yako kibonyeze, kinazima karibu takataka zote kwa mkupuo mmoja. Kwenye mlango wa HDMI kuna pia sehemu ya kuruhusu mawimbi kamili ya 4K HDR, ambayo kwenye TV nyingi inakuja imezimwa. Ukiiacha hivyo diski yako haitatoa rangi zake zote na utasema Magomeni tunadanganya.

Nikataka pia kuitendea strimu haki. Saa 2 usiku mtaa mzima uko mtandaoni, na strimu ikiona njia imebanwa inashusha ubora yenyewe bila kukuambia. Unaweza kuanza filamu kwenye 4K, dakika ya 20 ukawa kwenye kitu kingine, na maandishi ya 4K yakabaki palepale. Kwa hiyo niliamka saa 10 alfajiri, wakati hata wenye maduka hawajaamka, nikapima intaneti, ikasoma megabiti 38. Nikaacha filamu itembee dakika 10 ipande mpaka juu kabisa. Ilipanda. Miraba kwenye ukuta nyuma ya mzee ilipungua sana, nakiri. Mwanga wa kibatari ulizunguka vizuri bila kukatika ngazi ngazi kama ulivyokuwa jioni. Lakini shavu halikurudi. Lilikuwa laini kama limepakwa losheni, bila mkunjo, bila ndevu. Biti za kulichora hazikuwepo kwenye faili lililotumwa, hata njia ingekuwa pana vipi.

Siku iliyofuata nilimwomba mama mkwe akae katikati ya kochi. Sikumwambia ipi ni ipi. Nikaonyesha strimu kwanza. Akaniuliza, "Huyo aliyekaa hapo nani?" Nikabadilisha mlango, nikaweka diski kwenye sekunde ileile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona analia, mwanangu?"

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi, na ni la umbali. Kutoka kochi langu mpaka TV ni mita 3 na kidogo. Jicho zima, lisilohitaji miwani, linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwenye inchi 55 za 4K pikseli moja ina upana wa takriban theluthi ya milimita, na ili jicho hilo lizitenganishe unatakiwa ukae kama mita 1 na sentimita 10 kutoka kwenye kioo. Hakuna familia inayokaa hivyo. Hata picha ya 1080 (Full HD) yenye pikseli kubwa zaidi, kwenye inchi 55 ukishapita mita 2 na sentimita 20 hivi huzioni pikseli zake. Kwa maana hiyo, kwenye kochi langu 4K na 1080 kwa ukali wa mistari tu ni karibu sawa, na wanaosema hawaoni tofauti wana haki.

Lakini mraba ulioharibika hauna ukubwa wa pikseli moja. Una pikseli 16 au 32 au 64 kila upande, na ukubwa huo unaonekana hata ukisimama mlangoni. Anga la magharibi lililokatika mikanda mikanda linaonekana kutoka jikoni. Ndiyo maana Blu-ray ya kawaida ya 1080, ile ya mwaka 2006, ikiwa imetengenezwa vizuri kwa megabiti 30 kwa sekunde, kwenye kochi langu inanipa usiku safi kuliko strimu nyingi zinazoandika 4K. Nimejaribu kwa filamu 3 tofauti na kwenye 2 nimeichagua Blu-ray ya kawaida. Ya tatu nilichagua strimu, kwa sababu ni filamu ya mchana mtupu jangwani, na HDR ilifanya mchanga na jua kuwa kitu kingine kabisa. Blu-ray ya 1080 haina HDR na haiwezi kuufikia mwanga ule.

Aprili 2019 dunia nzima ilibishana kuhusu jambo hili bila kulijua jina lake. Mfululizo wa Game of Thrones ulikuwa na sehemu moja ya vita vya usiku mzima, na watu wengi walilalamika kwamba hawaoni kitu. Mpigapicha wake, Fabian Wagner, akajibu kwamba watu wengi hawajui kuweka TV zao sawa, na akagusia pia kubanwa kwa picha. Kwa uzoefu wangu, la kwanza ni kweli na la pili ni kweli zaidi. Ukiweka TV yako sawa kabisa halafu ukaletewa giza lililopunjwa, utaona tu kwa usahihi zaidi jinsi lilivyopunjwa.

Lakini diski siyo dawa kwa kuwa tu ni diski. Sisi tuliokulia kwenye deki tunalijua hili kuliko yeyote. Mjomba wangu alikuwa na laibrari ya kanda Muheza, baadaye akahamia VCD. Filamu moja CD mbili, na katikati ya mapigano unainuka kubadilisha. VCD ilikuwa na picha ya 352 kwa 288 na megabiti 1.15 tu za picha kwa sekunde, na tuliipenda kwa sababu haikuwa na mikwaruzo ya kanda. Kisha zikaja DVD, 720 kwa 576, na ile siku ya kwanza mjomba alipoweka DVD halali aliyoletewa na baharia, chumba kizima kilipiga kelele kwa kuona nywele. Halafu zikaja zile DVD za mtaani zenye filamu 20 ndani ya diski moja. Hata ukichukua diski kubwa ya gigabaiti 8.5, ukigawa kwa 20 kila filamu inapata megabaiti 425. Filamu ya dakika 100 hapo inapata kama nusu megabiti kwa sekunde, chini ya nusu ya VCD. Ni diski, imeandikwa DVD, lakini hadithi ni ileile ya strimu mbovu. Nilipokuwa kijana nilidhani zile nyuso nyeusi zisizo na macho kwenye sinema za usiku ndivyo zilivyopigwa.

Filamu nyingi za Bongo za miaka ile zilitufikia kwa VCD na DVD, na nyingi tunazoziona leo mtandaoni zinafanana kabisa na nakala za diski zilizochoka. Hilo linaniuma kuliko shavu la yule mzee wa diski ya Leicester. Yule ana diski ya 4K, atakaa. Wa kwetu sijui wangapi faili zao halisi bado ziko kabatini kwa mtu. Kama wewe ulihariri filamu zile na una hadi diski imelala chini ya kitanda, nakuomba leo hii iwashe, nakili yaliyomo sehemu mbili.

Upande wa kupata diski, wengi wanaogopa habari ya kanda za dunia, yaani diski kufungwa icheze kwenye deki za sehemu fulani ya dunia tu. Kwenye DVD ilikuwa shida kweli: sisi Afrika Mashariki tuliwekwa kanda ya 5, Uingereza kanda ya 2, na DVD ya zawadi kutoka London iligoma kwenye deki halali, labda uwe na zile deki za bei nafuu zilizokubali zote. Kwenye Blu-ray sisi na Ulaya tuko kanda moja, B. Na diski za 4K zenyewe hazina kanda kabisa. Kwa hiyo shemeji wa Leicester, binamu wa Dubai, yeyote mwenye nafasi kwenye begi anaweza kukuletea. Bei haidanganyi: diski mpya ya 4K ni karibu sawa na ninacholipia intaneti kwa mwezi. Mimi nanunua 4 au 5 kwa mwaka, zile tu ambazo najua nitazirudia, na zilizotumika ni nafuu sana.

Sauti nitaigusa tu. Diski mara nyingi ina sauti isiyopunguzwa kitu, strimu ina iliyobanwa. Kwa spika za ndani ya TV hutaisikia tofauti hiyo, basi usiihangaikie.

Na strimu naiheshimu. Bila strimu nisingeona nusu ya filamu za Nigeria na Afrika Kusini nilizoziona, maana kwenye diski hazipo. Mke wangu anafuata tamthilia za Kituruki na hana haja hata kidogo na majadiliano haya. Watoto wanatazama katuni, rangi bapa, mwanga mwingi, kubanwa hakuwadhuru. Na kodeki mpya kama AV1 zinafanya kazi bora kwa biti zilezile, kwa hiyo strimu ya leo si ile ya miaka 10 iliyopita. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba vitu viwili, kimoja kikiwa na robo tu ya biti za mwenzake, ni kitu kimoja kwa sababu maandishi ya juu yanafanana.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea intaneti zilikatika upande wa Afrika Kusini, na huku Tanzania na Kenya mtandao ukazimika au kwenda kwa kusuasua. Kwangu strimu ilikuwa inazunguka tu. Jioni ile majirani 3 walikuja na watoto wao, tukaweka Blu-ray ya kawaida, filamu ya usiku kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyeuliza kwa nini haijaandikwa 4K.

Tangu wiki hizi mbili na yule mzee, nimebadilisha kitu ofisini. Mteja sasa anapata flashi yenye faili nzito, megabiti 60 kwa sekunde, na namwandikia kwa kalamu juu ya bahasha: hii usiitume kwa simu, hii ichomeke kwenye TV. Kipande cha kurusha kwenye makundi nakirenda mwenyewe pembeni, na kabla ya kukirenda nainua giza kidogo kwenye nyuso, ili programu ya kubana ikute kitu cha kushika. Kijana wangu wa ofisini aliuliza kama siyo kuharibu rangi. Ni kuharibu kidogo, ndiyo. Nimechagua rangi ipotee kuliko macho.

Jumamosi hii tuna sendofu, ukumbi una taa za zambarau tena. Nimeshampigia mshereheshaji nikamwomba kitu kimoja: wazazi wakisimama kusema, waachiwe taa moja nyeupe.